Umerithi Bastola ya Zamani? Usiijaribu

Mwanamume mmoja aliingia katika ofisi ya msimamizi wa wadi akiwa amebeba mkebe wa mafuta ya kupikia. Aliuweka mezani, akafungua kifuniko na kutoa kitu kilichofungwa kwa leso. Ndani ya leso kulikuwa na bastola. Alikuwa ameipata juu ya dari ya nyumba ya marehemu babake, wiki moja baada ya mazishi, familia ilipokuwa ikitafuta hatimiliki ya shamba. Alikuwa ameileta kwa matatu, mkebe ukiwa mapajani, gari likiwa limejaa watu wa kwenda sokoni. Swali lake lilikuwa la upole tu: je, kaunti ingeweza kumwandikia barua ya kumruhusu kuiweka nyumbani kama ukumbusho wa mzee?

Msimamizi aliwaomba wote waliokuwa ofisini watoke nje, akafunga mlango na kumpigia simu mkuu wa kituo cha polisi. Maafisa wawili walifika, wakaifungua bastola na kukuta ina risasi nne.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu kisa hicho kienee, wakazi kadhaa wametuuliza maswali yanayofanana. Wengine wanasema wana bastola halali za wazee wao ambazo hazijafyatuliwa kwa miaka mingi. Wengine wanataka kujua kama silaha iliyoharibika bado ni silaha. Mmoja alituuliza kama bastola ya mkoloni inaweza kuuzwa kwa bei nzuri kwa watu wanaokusanya vitu vya kale.

Kwanza, ieleweke kwamba kaunti haitoi leseni za bunduki wala haiwezi kuandika barua ya aina hiyo. Jedwali la Nne la Katiba limeweka kazi ya polisi na usalama wa taifa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Leseni za bunduki hutolewa na Bodi ya Leseni za Bunduki chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Sisi tunachoweza kufanya ni kueleza, na kwa makala haya tumezungumza na wamiliki wachache wenye leseni pamoja na fundi mmoja. Mimi mwenyewe nilisomea uandishi wa habari, sikusomea silaha, na mengi kati ya haya nimeyajua kwa kuuliza.

Bastola hizi zilitoka wapi

Mkenya wa leo akisikia neno bastola hufikiria Ceska, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara kwenye taarifa za habari. Hizo ni bastola za magazini, na modeli yake maarufu ilianza kutengenezwa Czechoslovakia mwaka wa 1975. Zile zinazopatikana kwenye masanduku ya wazee ni za kizazi cha nyuma zaidi, na nyingi ni rivolva: bastola yenye silinda inayozunguka, kila risasi ikiwa kwenye tundu lake.

Kwa Kenya, majina mawili hujirudia. La kwanza ni Webley, iliyotengenezwa Birmingham. Modeli ya Mk VI iliidhinishwa na jeshi la Uingereza mwaka wa 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni chuma kizito, kama kilo moja na gramu mia, na hubeba risasi sita nene za .455. La pili ni Enfield No. 2, nyepesi zaidi, iliyochukua nafasi ya Webley katika miaka ya 1930 na kutumia risasi ya .38. Maafisa wa Uingereza, wakiwemo waliosimamia vikosi vya King's African Rifles, walizoea kubeba bastola za aina hii. Baada yao kuna walowezi waliokuwa nazo mashambani, hasa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952. Walipouza mashamba na kuondoka, si kila kitu kilienda nao.

Zote mbili hufunguka kwa njia moja. Kuna komeo juu, nyuma ya mtutu. Ukilibana, bastola inakunjika katikati kama inayovunjika, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa pamoja. Ni ubunifu mzuri sana, na hiyo ni sababu moja inayowafanya wakusanyaji wa Uingereza na Marekani kuzipenda hadi leo. Lakini komeo lile ndilo linaloshikilia bastola nzima wakati wa mlipuko. Likilegea kwa uchakavu, mtutu unaanza kucheza kila risasi inapotoka.

Wanaozimiliki wanasema nini

Ukimuuliza mwenye rivolva ya zamani kama ni ya kuaminika, atakuambia haijawahi kumwangusha. Nilisikia maneno hayo karibu kila mahali. Kisha ukimuuliza ameifyatua mara ngapi, kimya kinaingia. Mkulima mmoja mstaafu, ambaye ana leseni, alihesabu kwa vidole na kufika risasi sita, zote katika siku moja kwenye uwanja wa shabaha, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Chuma ambacho hakijaulizwa swali hakiwezi kusemwa kimejibu.

Fundi tuliyezungumza naye alisema sifa ya rivolva ina ukweli ndani yake. Haina magazini, kwa hivyo haikwami kwa njia bastola za magazini zinavyokwama. Risasi ikikataa kulipuka, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Tatizo ni kwamba rivolva hufichia ugonjwa wake ndani. Silinda inatakiwa kusimama sawasawa nyuma ya mtutu kila nyundo inapoanguka. Meno madogo yanayoizungusha yakilika, tundu la risasi linasimama pembeni kidogo, na kichwa cha risasi kinaingia mtutuni kwa kukwaruza ukingo. Vipande vya risi hurushwa kando, kwenye mkono au uso wa aliyeshika. Kwa nje bastola hiyo inang'aa kama mpya.

Kuhusu kudondoka, kuna jambo linaloonyesha hatari yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, toleo moja la Enfield, Mk I**, lilitengenezwa bila kizuizi cha nyundo ili kuharakisha kazi viwandani. Bastola hiyo ikianguka kwa nyundo na ikiwa na risasi, ingeweza kufyatuka yenyewe. Baada ya vita nyingi zilirudishwa na kuwekewa kizuizi. Nyingi, si lazima zote. Sasa fikiria mkebe uliokuwa mapajani kwenye matatu, na matuta ya barabara yetu.

Halafu kuna risasi zenyewe, na hapa ndipo wamiliki wote walilalamika. Risasi ya .455 haipatikani dukani kirahisi. Marekani, ambako Webley nyingi ziliuzwa baada ya vita, wauzaji walitatua shida hiyo kwa kukata sehemu ya nyuma ya silinda ili iweze kuchukua risasi ya .45 ACP, ambayo imejaa madukani. Inaingia vizuri. Lakini risasi hiyo ya kisasa inaruhusiwa kufikia shinikizo la pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, huku risasi iliyokusudiwa kwa Webley ikiwa na takriban 13,000. Wakusanyaji wa huko wamejua kwa uchungu kwamba silinda inaweza kuvumilia mara hamsini na kupasuka mara ya hamsini na moja. Aliye na Webley iliyokatwa namna hiyo mara nyingi hajui imekatwa, kwa sababu aliipokea hivyo.

Enfield ina mtego wake pia, nao ni wa jina. Imeandikwa .38, na mtu anafika dukani akitafuta risasi ya .38. Inayojulikana zaidi leo ni .38 Special, na hiyo si yake. Ganda la .38 Special lina urefu wa takriban milimita 29, wakati lile la Enfield, ambalo Wamarekani huliita .38 S&W, lina takriban milimita 20 na ni nene kidogo zaidi. Kwenye bastola ambayo haijachezewa, risasi ndefu haiingii hadi mwisho. Lakini kuna zilizochongwa ndani ili ziingie, na humo ganda hubaki limelegea, likavimba au kupasuka. Mkulima niliyemtaja alikuwa akiweka risasi zake kwenye droo moja na za marehemu kakake, na hakuwa na uhakika zipi ni zipi. Alikubali fundi azitenganishe. Baadhi zilibaki kwa fundi.

Risasi zilizokaa miaka hamsini juu ya dari ya mabati, zikipikwa mchana na kupoa usiku, hazitabiriki. Nyingine hazilipuki kabisa. Nyingine huchelewa: nyundo inaanguka, kimya, mtu anaigeuza bastola kutazama kulikoni, kisha inalipuka. Ndiyo maana kwenye uwanja wa shabaha wanafundishwa kwamba risasi ikikataa, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa angalau sekunde thelathini. Mbaya kuliko zote ni ile inayolipuka nusu. Sauti inakuwa ndogo, kichwa cha risasi kinakwama katikati ya mtutu, na anayeishika, akidhani imepita, anafyatua ya pili nyuma yake. Hapo mtutu hupasuka.

Kuitunza, na gharama yake

Uharibifu mwingi ambao fundi hukutana nao haukusababishwa na kufyatua. Ulisababishwa na kuhifadhi. Watu wengi huacha bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi, wakidhani ndio mahali pake. Ngozi hunyonya unyevu na ina kemikali za kiwandani zilizotumiwa kuilainisha, na chuma kilichogusana nayo hupata kutu upande ule ule uliofichika. Mkoba uwekwe kando, bastola ikae kwenye kitambaa kikavu ndani ya sefu. Wengine hupaka mafuta ya kupikia au mafuta ya taa. Ya kupikia huganda na kuwa kama gundi ndani ya springi, na ya taa hukauka na kuacha chuma uchi.

Pia risasi za zamani zilikuwa na kiwashio chenye kemikali iliyoacha chumvi ndani ya mtutu kila baada ya kufyatua. Chumvi hiyo huvuta maji hewani, na mafuta peke yake hayaiondoi. Wanajeshi wa enzi hizo walifundishwa kumwaga maji moto ndani ya mtutu kwanza, kisha kukausha na kupaka mafuta. Mzee ambaye hakujua hilo alifuta kwa mafuta, akaridhika, na kutu ikaendelea na kazi yake chini ya mafuta.

Kipuri kikivunjika, ni vigumu kupata kipya kwa ajili ya bastola hizi. Fundi hutafuta iliyokufa ili aokoe iliyo hai, au huchonga kwa mkono. Mwalimu mmoja mstaafu alisubiri miezi saba kupata springi ya nyundo, huku akiendelea kulipia leseni kila mwaka kwa silaha isiyoweza kufyatua. Alipopiga hesabu, aliamua kuirudisha kwa polisi. Alisema hakuona haya, ila alijuta kutoamua mapema.

Mwenzake, aliyekuwa afisa, ana Browning Hi-Power, bastola ya magazini iliyozinduliwa mwaka wa 1935 na ambayo kiwanda chake cha Ubelgiji kiliacha kuitengeneza mwaka wa 2018 kabla ya kuirejesha kwa sura mpya. Hadithi yake ni nyepesi kuliko ya rivolva. Risasi zake za milimita 9 zinapatikana, na lililomsumbua lilikuwa springi ya magazini tu, iliyochoka kwa kuachwa imejaa risasi miaka nenda miaka rudi. Aliibadilisha na bastola ikaacha kukwama. Nataja kisa chake kwa sababu hakumpelekea fundi wa baiskeli. Sheria hairuhusu mtu yeyote kufanya biashara ya kutengeneza bunduki ila aliyesajiliwa, na kabla hajagusa chochote fundi wa kweli huomba kuona cheti chako. Asiyeomba, ondoka kwake.

Sheria inasemaje kwa aliyerithi

Leseni ya bunduki hupewa mtu, baada ya Bodi kuridhika kwamba anafaa na ana sababu ya kutosha ya kuwa na silaha. Hudumu mwaka mmoja, kisha huombwa upya. Huonyesha silaha ipi na risasi ngapi. Haiwezi kurithiwa pamoja na shamba na ng'ombe. Mzee akifariki, leseni yake haimfuniki mkewe wala kifungua mimba wake, hata ikiwa bado ina miezi kadhaa. Hati ya mahakama ya kusimamia mirathi pia si leseni ya bunduki. Aliye na haja ya kweli ya kuiweka anaanza upya kwa jina lake mwenyewe, na silaha inakaa mikononi mwa polisi, si kabatini, hadi uamuzi utolewe.

Hata leseni za zamani zenyewe si za kudhaniwa. Desemba 2018 serikali iliwaagiza wote waliokuwa na leseni wajitokeze kuhakikiwa upya ndani ya siku 90. Mzee ambaye alikuwa mgonjwa wakati huo, au hakusikia tangazo, huenda aliacha karatasi ambayo ilishapoteza nguvu. Usiitegemee kabla ya kuiulizia.

Kuhusu silaha iliyoharibika, maana ya bunduki katika sheria ni pana. Inahusu pia ile inayoweza kurekebishwa ikafyatua, pamoja na vipande vyake. Kwenye kesi, mtaalamu wa balistiki huitwa kueleza kama chombo kile kinaweza kufyatua risasi. Umri wake, kutu yake na mapenzi ya familia si mambo anayopima. Risasi bila bastola nazo zinahitaji leseni, kwa hivyo kijimkebe cha risasi kilichobaki baada ya bastola kuuzwa miaka ya nyuma bado ni kosa. Adhabu ni kifungo, na ni cha miaka, si miezi.

Kwa yule aliyeuliza kuhusu bei: nchi nyingine zina njia maalumu kwa wakusanyaji. Marekani silaha iliyotimiza miaka 50 inaweza kuhesabiwa kuwa ya kale na kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji. Uingereza, baada ya mauaji ya watoto wa shule Dunblane mwaka wa 1996, ilipiga marufuku karibu bastola zote, lakini ikaacha mlango mdogo kwa zenye thamani ya kihistoria, na baadhi yake lazima zikae katika vituo maalumu badala ya nyumbani. Bei unazoziona mtandaoni ni za huko. Hapa, kumuuzia jirani au mtalii bastola uliyoipata darini ni biashara haramu ya silaha, bila kujali aliyeibeba zamani alikuwa nani.

Ukiipata, fanya hivi

Usiiokote. Usiifungue kutazama kama ina risasi, usivute nyundo, usiwape watoto waione, usiipige picha na kuisambaza kwenye kundi la familia. Funga chumba, mwachie mtu mzima mmoja mlangoni. Pigia kituo cha polisi kilicho karibu, au chifu wako awasiliane nao, na uombe maafisa waje kuichukua. Namba za dharura ni 999 na 112, na hazitozwi pesa. Usiibebe wewe, hata kama unaipeleka kituoni kwa nia njema, maana ukisimamishwa njiani una silaha bila leseni na hadithi ambayo hakuna wa kuithibitisha.

Polisi wakifika, waonyeshe leseni ya marehemu ikiwa mmeipata na cheti cha kifo ikiwa kipo. Andikisha taarifa yako na uombe namba ya OB ya kitabu cha matukio. Iandike mahali, uihifadhi na karatasi za mirathi. Maswali utaulizwa, na hatuwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini aliyepiga simu siku ile ile aliyoipata ana maelezo ya kutoa, na aliyekaa nayo mwaka mzima akisubiri bei hana.

Aliyekuja na mkebe aliandikisha taarifa jioni hiyo. Aliomba arudishiwe leso, kwa kuwa ilikuwa ya mama, na akarudishiwa. Hatimiliki ya shamba bado wanaitafuta. Kwa hilo ofisi ya ardhi inaweza kumsaidia: aliyepoteza hati huandika ripoti polisi na kuapa kiapo, kisha msajili wa ardhi hutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kutoa hati mpya.